Ardhi ya Rumonge Haijaulizwa

Kila darasa letu linapopewa kazi ya kuandika juu ya Kiswahili cha mwambao wa Tanganyika, insha zetu huanza mahali pamoja. Huanza na msafara. Mwarabu anatoka Unguja, anapita Tabora, anafika Ujiji, anapanda mtumbwi, anashuka kwetu, na hapo ndipo Rumonge inazaliwa. Kabla yake, inaonekana, palikuwa na mbu na mamba. Walimu wetu husahihisha ngeli na viambishi, huweka mstari mwekundu chini ya kila upatanisho uliokosewa, lakini ule mwanzo hawaugusi. Nataka kuugusa mimi.

Sibishi kwamba Kiswahili kilipanda kutoka pwani pamoja na misafara. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kukaa Ujiji kabla Mzungu wa kwanza hajaliona ziwa. Katika miaka ya 1880 Mohamed bin Khalfan, yule aliyeitwa Rumaliza, aliifanya Ujiji makao yake huku akijaribu kuingiza mkono Burundi, na watu wa Mwami Mwezi Gisabo wakamzuia. Lugha tunayosoma ilitua mwambaoni kwa njia hiyo, na wazee wetu wa Rumonge wanaojiita Waswahili hawana sababu ya kuona haya kulisema. Lakini kufika kwa lugha ni jambo moja na kuanza kwa makazi ni jambo jingine. Mgeni anayebisha hodi hathibitishi kwamba nyumba imejengwa siku hiyo. Anathibitisha kwamba palikuwa na mtu wa kuitikia.

Ule mwanzo tunaounakili umetoka wapi? Umetoka katika shajara za wasafiri wa Ulaya. Richard Burton na John Speke walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858. Speke alikuwa karibu haoni kwa ugonjwa wa macho, Burton miguu ilikuwa haimbebi. Mwezi wa Aprili wakapanda mitumbwi kwenda Uvira, na sehemu ya safari hiyo waliufuata mwambao wa Burundi. Novemba 1871 wakapita Stanley na Livingstone, nao kwa mtumbwi, mpaka kwenye mlango wa Rusizi. Lile jiwe la Mugere, kusini ya Bujumbura, bado linaonyesha walipolala. Sina ugomvi na watu hawa. Walikuwa hodari, na waliandika walichokiona. Ila mtu aliyeketi mtumbwini, tena mgonjwa, huona ufuo, moshi na watu waliokuja kumtazama. Haoni kilicho mita mbili chini ya migomba. Sisi tukachukua alichokiona kwa wiki chache tukakifanya kuwa yote yaliyokuwako kwa miaka elfu.

Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi tumekitaka cha mvunguni tukiwa tumesimama wima, na tulipokosa tukasema mvungu ni mtupu.

Makosa ya namna hii yalikwisha kufanywa mahali pengine, tena juu ya Waswahili wenyewe wa pwani, na inafaa tuone yalivyorekebishwa. James Kirkman alianza kuchimba Gedi, karibu na Malindi, mwaka 1948. Neville Chittick alichimba Kilwa Kisiwani, kazi iliyoendelea katika miaka ya 1960. Walikuwa wataalamu wakubwa, na bila wao tusingejua nusu ya tunayoyajua. Lakini macho yao yalivutwa na mawe: misikiti ya matumbawe, makaburi ya nguzo, kuta zenye vishubaka, bakuli za kaure kutoka China. Wakaelekea kuamini kwamba miji kama hiyo lazima iliasisiwa na watu wa ng'ambo ya bahari, na Mwafrika alikuja baadaye kama mke, mtumwa au mteja.

Kisha Mark Horton akaenda Shanga, katika kisiwa cha Pate, akachimba kati ya 1980 na 1988. Naye alikuta msikiti wa mawe. Hakusimama juu yake. Alishuka chini ya sakafu akakuta msikiti mwingine, chini ya huo mwingine tena, akaendelea kushuka tabaka baada ya tabaka mpaka mawe yakaisha na kubaki alama za nguzo za miti ardhini, za karne ya 8. Na vyungu vya tabaka zile za chini kabisa, kwa wingi wake, vilikuwa vya ufinyanzi wa Kiafrika, ndugu wa vile vinavyookotwa katika makazi ya bara. Mji wa mawe ulikuwa umekalia mji wa udongo na miti, na ule wa udongo ulikuwa na wenyewe. Kama Horton angefunga daftari lake kwenye sakafu ya kwanza, tungeendelea kusoma hadithi ileile ya majahazi.

Wala msidhani kwamba mji lazima uwe umehamwa, umejaa mibuyu na kima, ndipo uchimbwe. Mombasa ilichimbwa ikiwa hai. Hamo Sassoon, katika miaka ya 1970, alifanya kazi kwenye eneo la hospitali kuu ya mkoa wa Pwani na kupata mabaki ya Mombasa ya kale, iliyoanza kama mwaka 1000, karne tano kabla ya Vasco da Gama. Ngome Kongwe ya Unguja, pale watalii wanapokaa kusikiliza taarabu, imechimbwa pia: ndani ya kuta za Waomani kuna kanisa la Wareno, na chini ya kanisa kuna makazi ya Waswahili ya zama za kati. (Zama za kati za nani, mtauliza. Ni kipimo cha Ulaya, nakubali. Nakitumia kwa karne kati ya ya 6 na ya 15 kwa kuwa bado hatujajipimia wenyewe.)

Hapa ndipo mwenzangu mmoja aliponikata kauli wakati wa majadiliano. Alisema: hayo ni ya pwani, Rumonge haina magofu. Alisema kama mtu aliyemaliza kesi.

Ni kweli haina. Nani alijenga kwa mawe kando ya ziwa hili? Watu wa mwambao walijenga kwa miti, matete, udongo na nyasi, na vitu hivyo havibaki vimesimama miaka mia sita ili mwanafunzi avipige picha. Vinabaki kama madoa ardhini. Nguzo ikioza huacha duara la udongo mweusi. Jiko huacha majivu na udongo ulioiva ukawa mwekundu. Jaa huacha mifupa ya samaki. Mtu asiyefundishwa hupita juu ya mtaa mzima akauita shamba. Kama kukosa magofu ni ushahidi wa kukosa watu, basi nusu ya Afrika haikuwa na watu mpaka ilipoletewa saruji.

Tuseme basi habari za ziwa letu wenyewe. Uvinza, kule bonde la Malagarasi, mto unaochora sehemu ya mpaka wa Burundi na Tanzania, kuna chemchemi za maji ya chumvi. J. E. G. Sutton na Andrew Roberts walichapisha utafiti wao wa huko mwaka 1968. Hakuna hata ukuta mmoja. Kuna vigae, mkaa, majivu na mahali pa kuchemshia maji ili chumvi ibaki. Umri wa mkaa huo unarudi mpaka kama karne ya 5 au ya 6, na kazi iliendelea kwa vipindi mpaka zama za misafara na baada yake, wakati wasafiri waliposhuhudia chumvi ya Uvinza ikienda pande zote za ziwa. Sasa nauliza. Chumvi iliyochemshwa tangu karne ya 6, ililiwa na nani? Mamba? Kazi ya namna hiyo haidumu bila walaji, walaji hawapatikani bila njia, na kwa nchi zilizo kaskazini ya Kigoma njia nyepesi kuliko zote ni maji. Mtumbwi unaotoka kusini na chumvi unatafuta mahali pa kutua penye ufuo mpole, maji matamu na watu wenye kitu cha kubadilishana. Atazame ramani anayebisha, aniambie kama Rumonge haifai.

Ng'ambo ya pili, ndani zaidi, katika bonde la Upemba kule Katanga, kuna mahali panapoitwa Sanga, kando ya ziwa Kisale. Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba huko 1957, wengine wakaendelea mwaka uliofuata, na Pierre de Maret akarudi katika miaka ya 1970. Walifukua makaburi zaidi ya mia moja ya jamii ya wavuvi. Ndani yake mlikuwa na vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi, mapambo ya shaba, vyombo vya chuma, na hata vyungu vidogo vilivyowekwa kando ya watoto. Mengi ni ya karne ya 8 mpaka ya 13 hivi. Zilipatikana kauri pia, zile za bahari ya Hindi, zilizosafiri mkono kwa mkono kuvuka nusu ya bara miaka mingi kabla mtu yeyote hajaandika neno Unyanyembe katika daftari. Watu wa Sanga hawakungojea msafara ili wawe na wakubwa na wadogo, mafundi na wateja, huzuni ya kumzika mtoto na kikombe chake.

Tena Burundi si ngeni kwa kazi hii. Marie-Claude Van Grunderbeek, Emile Roche na Hugues Doutrelepont walichunguza tanuri za kuyeyushia chuma za Rwiyange na Mubuga, wakachapisha mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wataalamu bado wanabishania umri wa tanuri zile, wengine wanaupandisha, wengine wanaushusha, lakini hata anayeushusha sana anabaki na wafua chuma waliotangulia misafara kwa zaidi ya miaka elfu. Hiyo ni milimani. Milima imeulizwa na ikajibu. Mwambao tunausemea sisi, kwa niaba yake, bila kuutembelea.

Sisi wanafunzi wa lugha tulipaswa kushtuka mapema kuliko wote, maana dalili ziko midomoni mwetu. Mrundi husema icuma, Mswahili husema chuma. Mrundi husema inyundo, Mswahili nyundo. Hakuna msafara uliomletea Mrundi maneno hayo ndani ya mzigo wa vitambaa; ni mali ya urithi, yametoka katika shina moja la kibantu. Lugha iliyofika Rumonge na wapagazi ilikuta watu wenye nyundo, na nyundo ile waliiita karibu vilevile. Kila anayeandika kwamba Kiswahili na Kirundi ni mgeni na mwenyeji wasiojuana aende kwanza kwa mhunzi.

Lakini liko kundi jingine linalonitia hofu kuliko yule wa hakuna magofu, na ni kundi langu. Hawa wanataka Rumonge ichimbwe, tena kesho. Wanachotaka kitoke ni jiwe. Wanaota mlango wa nakshi, sarafu yenye maandishi ya Kiarabu, kipande cha kaure, kitu cha kuonyesha kwamba babu alikuwa muungwana kutoka mbali. Naelewa maumivu yaliyo nyuma ya ndoto hiyo. Katika nchi yetu neno Mswahili limetumiwa kama tusi: mtu wa mjini, mjanja, asiye na kilima, mtu wa kuja. Wakoloni waliwatenga watu hawa katika mitaa yao, na hata baada ya uhuru mtu aliweza kuulizwa kwao ni wapi ilhali anajibu kwa Kirundi safi. Mtu aliyeambiwa hana asili hutafuta asili kubwa.

Nasema hivi: anayechimba akitafuta kaure atatupa vigae. Ndivyo ilivyokuwa pwani kwa kizazi kizima. Na vigae ndivyo vyenye habari. Kigae cha chungu kinasema nani alifinyanga, kwa udongo wa bonde lipi, alipamba kwa kamba au kwa kijiti, alipikia samaki au nafaka. Kaure inasema tu kwamba palikuwa na mtu aliyeweza kuilipia.

Wapo watakaonirushia utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature, uliochunguza mabaki ya watu 80 wa miji ya pwani na bara jirani, kuanzia Manda na Mtwapa mpaka Kilwa na Songo Mnara. Nimeusikia ukitajwa kwa furaha na watu wa pande zote mbili. Uligundua kwamba kuanzia kama mwaka 1000 baba wengi walikuwa wa asili ya Uajemi na mama wengi walikuwa Waafrika. Vema. Lakini mama hawa hawakuangushwa na upepo wa kaskazi. Walikuwa na makwao, na vyungu vyao, na lugha yao, ambayo watoto wakaichukua ikawa hii tunayofanyia mtihani. Utafiti ule hauondoi tabaka la chini la Shanga, unaliwekea watu. Na hata hivyo ni utafiti wa pwani. Wala mifupa ya Songo Mnara haiwezi kumtolea mtu wa Rumonge hati ya kiwanja. Uraia wetu una sheria zake na haupaswi kungojea sepeto. Siku tutakapokubali kwamba mwenye kigae kikongwe ndiye mwenye haki ya kukaa, jirani yetu wa mlimani atakuja na kikongwe zaidi, na sote tutahamishwa na wawindaji wa zama za mawe.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wazee huliinua kwa sauti ya chini, na ambalo ni zito kuliko hoja zote za darasani. Ukitaja kuchimba Rumonge, mtu wa miaka sitini hafikirii vyungu. Anafikiria 1972. Tarehe 29 Aprili mwaka ule uasi ulilipuka hapa mwambaoni, Rumonge na Nyanza-Lac, watu wakauawa, kisha serikali ya wakati ule ikalipiza kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima na kumeza maelfu kwa maelfu ya Wahutu, waliosoma kwanza. Ardhi hii ina watu ambao hawakuzikwa, walifukiwa. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipofukua makaburi ya halaiki ya Ruvubu, Karusi, mwanzoni mwa 2020, ilihesabu mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Nani ana moyo wa kuja na kamba na chekeche baada ya hayo, atafute mifupa ya sangala ya karne ya 12?

Mzee mmoja wa jirani zetu aliniuliza swali hilo karibu kwa maneno hayo. Nilimjibu, kwa heshima, hivi: baba, mtu wa kwanza anayehitaji kujua tabaka za udongo ni wewe. Mfupa hausemi mwaka wake. Mfupa wa 1972 na mfupa wa miaka mia nane unaweza kulala hatua tatu kutoka kila mmoja, na anayefukua kwa haraka na koleo ataviweka katika gunia moja. Hapo aliyeuawa anapotea mara ya pili, na yule wa kale anahesabiwa katika msiba usio wake. Kinachowatenganisha pale shimoni ni udongo uliowazunguka, rangi yake, kina chake, kifungo au kigae au ganda la risasi lililo kando yao, na vyote hivyo hufa dakika ile shimo linapochimbwa bila kupimwa. Kwa hiyo sharti la kwanza la uchimbaji wa Rumonge liwe hili: mfupa wa mtu ukionekana, kazi isimame, familia na wenye mamlaka waitwe, na anayejua kusoma udongo awe pale wanapofika. Mzee hakuniambia nimeshinda. Aliniambia nisichimbe karibu na kwake mpaka mkewe atakapokuwa hayupo duniani. Nimeliandika hilo nalo, maana ni haki yake.

Ama hoja ya umaskini, kwamba watu wanataka maji na barabara nanyi mnataka vigae, haitanichukua muda. Barabara ndizo zinazochimba. Mabomba ya maji ndiyo yanayochimba. Kila msingi wa ghorofa, kila shimo la choo, kila tangi la mafuta ya mawese hapa mjini ni uchimbaji ambao tayari una fedha, una mafundi na una sululu. Nimewaona mafundi wakitoa vigae katika shimo la choo na kuvitumia kusawazisha njia ya kuingilia uani. Vilikuwa vya lini? Huenda vya bibi ya mwenye kiwanja, huenda vya wakati wa chumvi. Vilipotoka shimoni bila mtu kuandika vilikuwa kina gani na vimelala na nini, swali hilo lilifungwa milele. Kinachokosekana ni mtu mmoja mwenye daftari, utepe wa kupimia na chekeche, siku mbili kabla ya saruji. Sheria ya kulinda urithi wa utamaduni wa taifa tunayo tangu 25 Mei 1983. Imekuwa ikilala katika gazeti rasmi la serikali wakati sisi tunakariri habari za Burton.

Na muda si mwingi, kwa sababu ziwa nalo limeanza kuchimba. Katika miaka hii ya karibuni maji yamepanda, yamemeza nyumba na vibanda vya ufuoni, na mawimbi yanaula ukingo kila mvua kubwa. Wengine wanadhani hilo halijawahi kuonekana. Limeonekana. Katika miaka ya 1870 ziwa lilijaa mpaka karibu 1878, kisha likavunja kizuizi cha mchanga na majani kwenye mto Lukuga upande wa Kongo, likamwaga maji yake magharibi na kushuka kama mita kumi kabla ya mwisho wa karne. Ndiyo maana Ujiji ya leo, pale penye mnara wa Livingstone, hupaoni maji miguuni mwako kama alivyoyaona yeye.

Jambo hilo linabadilisha ramani yote ya kazi. Ufuo tunaooga leo na kuanikia ndagala, sehemu yake kubwa ilikuwa chini ya maji Burton alipopita. Mtu atakayechimba pale, hatua ishirini kutoka mitumbwini, atapata mchanga na makopo, kisha atarudi darasani kushangilia: hakuna kitu, nilisema! Atakuwa amechimba sakafu ya ziwa. Makazi ya wakati wa misafara yatafutwe juu zaidi, ndani ya mji, kwenye mwinuko ambao maji ya 1878 hayakuufikia. Na kwa kuwa ziwa hili limepanda na kushuka mara nyingi, ya zama za kati yanaweza kuwa chini ya hayo, au pembeni yake, au mahali ambapo mawimbi ya mwaka huu yanapafukua bila kuweka daftari.

Basi shimo la kwanza lisiwe ufuoni. Liwe la mita moja kwa moja, katika kiwanja cha umma kinachongojea jengo, juu ya mstari wa maji ya zamani, wakati wa kiangazi, mwezi wa Julai, wakati udongo umekauka vya kutosha kuonyesha rangi zake. Lishushwe sentimita kumi kumi. Kila ndoo ipite kwenye chekeche. Mkaa uwekwe peke yake kwa ajili ya kupimwa umri, vigae peke yake, mifupa ya samaki peke yake, na wavuvi wetu waitwe kuitambua, maana hakuna mhadhiri atakayejua tofauti ya taya la mukeke na la sangala kuliko wao. Wafinyanzi wachache waliobaki vilimani waulizwe majina ya kila pambo. Daftari liandikwe kwa Kiswahili, na maneno ya Kirundi kando yake, ili watoto wa Rumonge wasome habari za mji wao bila kupitia Kifaransa cha mtu mwingine. Kazi hiyo ya maneno ni yetu, sisi wa idara ya lugha, na hakuna mwanaakiolojia atakayekuja kutufanyia. Mimi nitashika utepe upande mmoja. Nahitaji mtu wa upande wa pili.